Mtoto wa mbwa anayekojoa ndani: afundishwe vipi ikiwa fedha ni kidogo?

SWALI: Mimi ni mpangaji wa vyumba viwili Nkuhungu, Dodoma, katika nyumba yenye wapangaji wengine watatu na ua mmoja. Mwezi uliopita shangazi yangu wa Kongwa alinipa mtoto wa mbwa, dume, ambaye sasa ana wiki 10 hivi. Analala ndani kwa sababu bado ni mdogo na banda sina. Anakojoa kwenye mkeka, nyuma ya kabati, na mara nyingi dakika chache tu baada ya kurudishwa kutoka nje. Nimemsugua pua kwenye mkojo wake na kumchapa kwa ufagio kama nilivyoelekezwa, lakini sasa ananikimbia na kukojoa hajaacha. Mama mwenye nyumba ameanza kulalamikia harufu. Mtandaoni nimeona pedi, dawa za kupulizia na vizimba vya chuma, vyote nje ya uwezo wangu. Natoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Mdogo wangu hurudi kutoka shule saa nane mchana. Je, anaweza kufundishika bila gharama hizo?

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza, na miongoni mwa vifaa ulivyovitaja hakuna hata kimoja ambacho ningekushauri ukikopee fedha. Pedi, hasa, zingeweza kukuongezea kazi, kwa kuwa mbwa aliyezoea kujisaidia juu ya kitu laini kilichotandikwa sakafuni haoni tofauti kubwa kati ya pedi na mkeka wako. Kinachokukwamisha si ukosefu wa vifaa. Mbwa wa wiki 10 ameachiwa vyumba viwili kabla hajajua choo chake ni kipi, kisha anaadhibiwa kwa kutokijua. Kazi iliyo mbele yenu ni kumwonyesha mahali pamoja pa kujisaidia, kumfikisha hapo kabla haja haijambana, na kumpunguzia eneo la ndani mpaka awe amezoea.

Nianze na mwili wake, kwa sababu watu wengi humdai mbwa mchanga kitu ambacho kibofu chake hakikiwezi. Katika majuma mawili ya kwanza ya uhai wake hakuweza hata kukojoa peke yake. Mama yake alimlamba ndipo mkojo na kinyesi vikatoka, na mama huyo huyo ndiye aliyevisafisha. Kuanzia wiki ya tatu hivi alianza kujikokota kutoka kwenye malalo na kujisaidia pembeni. Silika hiyo ya kutochafua mahali anapolala ndiyo tutakayoitumia. Kisha, kuanzia wiki ya nane au ya tisa, mbwa huanza kuwa na upendeleo wa kile anachokanyaga wakati wa kujisaidia, na upendeleo huo ukishakomaa huwa mgumu kuubadilisha. Mbwa wako yumo katika kipindi hicho sasa hivi. Akiurudia mkeka kila siku, atautafuta mkeka. Akiurudia mchanga, atautafuta mchanga. Nasi wa Dodoma mchanga tunao mlangoni, bila kuununua.

Kuhusu muda, makadirio yanayotumika ni kwamba mbwa mchanga huweza kujizuia kwa saa zinazokaribiana na idadi ya miezi yake. Wako, basi, anaweza saa mbili au tatu, tena akiwa ametulia au amelala. Akiwa anacheza, nusu saa ni ndefu kwake. Zipo nyakati ambazo karibu kila mara atajisaidia: anapoamka, hata kama ni usingizi mfupi wa mchana, ndani ya dakika 5 hadi 30 baada ya kula, kwa sababu tumbo likijaa utumbo mpana nao huanza kusukuma, baada ya kunywa maji mengi, na katikati ya mchezo mkali. Ukizikariri nyakati hizo hutahitaji kukisia. Zaidi ya hapo, mwangalie yeye mwenyewe. Mbwa anayetaka kukojoa huacha ghafla alichokuwa akifanya, hunusa sakafu kwa bidii, huzunguka mahali pamoja au huelekea kona iliyofichika. Kati ya kunusa kwa namna hiyo na mkojo kutoka huna zaidi ya sekunde chache, kwa hiyo mlango uwe umeshafunguliwa au uwe rahisi kufungua.

Sasa niseme juu ya ufagio. Aliyekuelekeza hivyo hakukutakia mabaya, na ushauri huo umeenea kote mijini na vijijini, lakini ndio unaokuletea hilo unaloliona nyuma ya kabati. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake iwapo vinafuatana ndani ya sekunde moja au mbili. Ukimkuta na mkojo wa dakika kumi zilizopita na kumsugua pua, hajui anaadhibiwa kwa kukojoa. Anajua tu kwamba wewe ukiwapo na mkojo ukiwapo, yanamfika mabaya. Ukimwahi akiwa katikati ya tendo ukamchapa, anajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Mbwa wa namna hiyo ukimpeleka nje atasimama kando yako bila kufanya lolote, kwa kuwa unamtazama, kisha atarudi ndani na kujificha mahali usipomwona. Hili ni jibu la sehemu ile ya swali lako inayohusu kukojoa mara tu anaporudishwa. Sababu nyingine nitaifikia baadaye. Uso ule wa kuinamisha kichwa na kulaza masikio, ambao watu huuita uso wa hatia, ni woga mtupu. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na mbwa yumo.

Acha adhabu zote kuanzia leo, na utarajie siku kadhaa kupita kabla hajakuamini tena. Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi mara moja au useme "ah-ah" kwa sauti ya kawaida ili asite, mbebe umpeleke nje amalizie huko. Ukikuta ameshamaliza, safisha tu. Ikiwa hukojoa kidogo kila unapomwinamia au unapomsalimia, huku akilala chali au akijikunyata, hapo hakosei choo. Anaonyesha unyenyekevu, na hali hiyo huzidi kwa mbwa aliyechapwa. Unapoingia nyumbani usimkimbilie wala usimsimamie juu ya kichwa. Mpite, chuchumaa ubavuni mwake, umwache akufuate, na salamu zenyewe zifanyike nje.

Kabla ya kuanza mafunzo, zungumza na mama mwenye nyumba na wapangaji wenzako juu ya mahali pa choo cha mbwa. Sisemi hivi kwa ajili ya adabu peke yake. Katika ua wa pamoja wapo majirani Waislamu ambao mate na mkojo wa mbwa vikigusa nguo au chombo ni najisi inayowapa kazi ya kujitwaharisha kabla ya sala, wapo watoto wanaocheza chini, na ipo kamba ya kuanikia nguo. Omba kona iliyo mbali na bomba, mbali na jiko na mbali na njia wanayopita watu kwenda bafuni. Mahali palipokubaliwa na wote hapabadiliki kila wiki, na mbwa anahitaji mahali pasipobadilika.

Kona hiyo iwe na kivuli. Mwarobaini, ambao hapa mjini hauko mbali na nyumba yoyote, unafaa sana, kwa sababu mwezi Oktoba na Novemba mchanga wa saa nane mchana unaunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya ardhi, na kama huwezi kuustahimili kwa sekunde chache, naye hawezi. Fagia eneo lenyewe mpaka mbigiri ziishe. Nalisisitiza hili kwa sababu ni dogo na husahaulika: mbwa mchanga akichomwa na mbigiri anapochuchumaa, ataiogopa kona hiyo, nawe utadhani ni mkaidi. Angalia miguu yake ya mbele na ya nyuma, katikati ya vidole, kila anaporudi katika siku za mwanzo. Kisha chukua tambara ulilofutia mkojo wake ndani, ulifukie kidogo kwenye mchanga wa kona hiyo kwa siku mbili tatu, ili harufu yake mwenyewe imwambie hapo ndipo.

Namna ya kumpeleka ni hii. Mbebe mikononi, usimwache atembee, kwa kuwa mbwa wa umri huu hukojoa njiani. Mweke juu ya mchanga, simama kimya, usicheze naye wala usimsemeshe. Anapoanza kukojoa, tamka neno moja mtakalolitumia siku zote, wewe na mdogo wako, kwa mfano "kojoa", kwa sauti ya chini. Anapomaliza, msifu na umpe papo hapo kitu kidogo cha kula kilichokuwa tayari mfukoni. Ukisubiri mpaka mfike ndani ndipo umpe, umemtuza kwa kuingia ndani. Dagaa mmoja aliyeoshwa chumvi anatosha. Vivyo hivyo kipande cha ini au cha pafu kilichochemshwa vizuri na kukatwa ukubwa wa punje ya hindi. Vipande hivyo vya bei ndogo kutoka buchani vinaweza kutosha siku kadhaa. Usimpe nyama za ndani zikiwa mbichi, maana huambukiza minyoo ya tegu ambayo kutoka kwa mbwa huhamia kwa watu. Na kwa kuwa tunaishi katika mkoa wa zabibu, niweke onyo hapa: zabibu, mbichi au kavu, ni sumu kwa mbwa na huweza kuua figo zake, hivyo zisiwe tuzo wala mabaki ya kumrushia.

Akishajisaidia, usimrudishe ndani mara moja. Mpe dakika chache za kunusa na kukimbia. Mbwa akigundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza starehe ya kuwa nje, atachelewesha makusudi, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya mbwa wengi kukojoa wanapoingia tu. Ikiwa dakika tano zimepita bila kitu, labda kuku wamemzubaisha au mtoto wa jirani amepita, mrudishe lakini usimwachie. Mpakate au mweke kwenye tenga lake kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha mtoe tena. Hapo kosa moja huzuiwa na fursa moja hupatikana, na kwa maoni yangu kanuni hii ndogo ina faida kuliko dawa zote za kupulizia zinazouzwa.

Tenga ninalolisema ni lile la mbao linaloletea nyanya sokoni. Nenda Majengo au soko lolote lililo karibu nawe jioni, uwaulize wauza nyanya. Matenga yaliyolegea misumari hutolewa kwa bei ndogo na wakati mwingine bure. Ng'oa misumari yote iliyochomoza, piga msasa sehemu zenye vibanzi, laza kwa ubavu na utandike gunia au nguo kuukuu. Ukubwa wake uwe wa kumwezesha kusimama, kugeuka na kulala amenyooka, usizidi hapo, kwa sababu likiwa kubwa atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili. Mlishe humo mara chache, mlango ukiwa wazi, ili aone ni mahali pake; usimtupe humo kwa hasira. Likitumiwa hivyo linafanya kazi ileile ya kizimba cha chuma.

Lakini tenga ni la usiku na la vipindi vifupi vya mchana unapopika au unapofua. Usithubutu kumfungia humo kuanzia saa moja na nusu hadi saa nane. Ni zaidi ya saa sita, na kibofu chake hakifiki hata nusu ya muda huo. Atajikojolea na kulala juu ya mkojo wake, na akifanya hivyo mara kwa mara ile silika ya kutochafua malalo itakufa, na bila silika hiyo kumfundisha ni kazi ngumu sana hata kwa mtaalamu.

Sehemu ngumu katika swali lako, basi, ni hizo saa za asubuhi. Lililo bora ni kumpata mtu wa kumtoa mara mbili kabla ya saa nane: mpangaji anayeshinda nyumbani, au kijana wa jirani ambaye utamlipa kwa kumsaidia jambo jingine. Mwonyeshe kona, neno na tuzo, maana kila mtu akifuata mtindo wake mbwa huchanganyikiwa. Asipopatikana mtu, tengeneza kizuizi kwenye kona ya kibaraza au ya chumba kisicho na mkeka, kwa mbao, matofali au maboksi magumu. Upande mmoja weka tenga lililo wazi na bakuli la maji. Upande wa pili weka karai pana lenye kina kifupi, au beseni lililopasuka, ulijaze mchanga uliochotwa kutoka kwenye kona yenu ya nje. Mchanga uwe huohuo wa nje, wenye harufu yake kidogo. Kwa njia hiyo, hata akiwa peke yake, anaendelea kuzoea ardhi ileile mnayotaka aizoee. Watu wengi hutandaza magazeti, na si vibaya kwa siku mbili tatu za dharura, ila baadaye hulazimika kumfundisha upya kuhama kutoka kwenye gazeti kwenda ardhini. Mdogo wako akirudi saa nane, jambo la kwanza, kabla ya kuvua sare, ni kumtoa.

Ratiba yenu yote inaweza kuwa hivi: anatolewa mara tu mnapoamka alfajiri, anakula, anatolewa tena baada ya robo saa, anacheza kidogo na kutolewa mara ya mwisho kabla hujaondoka. Kuanzia saa nane mdogo wako anamlisha na kumtoa, kisha kila baada ya saa moja hivi akiwa macho. Chakula cha tatu kiwe saa kumi na mbili jioni, si saa tatu usiku. Weka chakula kwa dakika 15 hadi 20 na uondoe kilichobaki, kwa sababu kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Maji ni suala jingine. Katika joto na upepo mkavu wa huku, kumnyima mbwa mchanga maji mchana kutwa ili asikojoe ni kumhatarisha. Unaweza tu kuondoa bakuli saa moja au mbili kabla ya kulala. Usiku, kwa sasa, mtarajie kumtoa angalau mara moja, saa nane au saa tisa hivi. Vaa viatu na ushike tochi, kwa ajili ya nge, na usimchekee wala kumchezea, ajue kwamba usiku watu hutoka kwa haja na kurudi kulala. Mwezi Juni na Julai upepo wa usiku ni wa baridi na atataka kurudi haraka. Simama upande unaomkinga upepo na uvumilie.

Chakula chenyewe kisiwe cha kubadilishwabadilishwa. Uji mzito au ugali wa dona uliochanganywa na dagaa wa kusagwa, yai mara chache na mboga kidogo iliyochemshwa vinatosha kwa bajeti yako, ingawa si lishe kamili kama ile ya viwandani. Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi humpa mtoto wa mbwa kwa huruma, huwaharisha mbwa wengi, na mbwa anayeharisha hafundishiki, kwa sababu haja humtoka kabla hajaitambua. Mchuzi na mabaki yenye vitunguu usimpe kabisa. Vitunguu huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa.

Tuje kwenye harufu, kwa kuwa ndiyo iliyomfikia mama mwenye nyumba. Sakafu ya saruji isiyo na vigae hunywa mkojo, na hata wewe usiposikia harufu, mbwa ataisikia na kurudi palepale. Ondoa mikeka yote kwa wiki kadhaa, uifue na kuianika juani. Mkojo mpya umwagie mchanga mkavu kwanza, uache unyonye, ufagie na kuupeleka kwenye kona ya nje. Hapo utaokoa maji, jambo la maana kwa anayenunua maji kwa dumu. Kisha osha kwa sabuni ya unga ya kufulia, ikiwezekana ile iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina vimeng'enya, kwa maana hivyo huvunjavunja mkojo wenyewe badala ya kuufunika. Suuza, halafu pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, uache pakauke penyewe. Usitumie dawa ya usafi yenye amonia, kwa sababu inamnukia mbwa kama mkojo. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nayo usiimwage juu ya mkojo mbichi, na usiichanganye kamwe na siki: katika hali zote mbili hutoka hewa inayobana pumzi, tena katika chumba kidogo chenye dirisha moja.

Kinyesi cha nje kizolewe kila siku kwa koleo na kutupwa kwenye choo cha shimo au kufukiwa kwa kina. Karibu kila mtoto wa mbwa huwa na minyoo, na mayai ya minyoo mviringo huhitaji takribani wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Anayezoa kila siku amekata njia hiyo. Anayeacha wiki tatu amewawekea watoto wa ua mzima mtego. Katika mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kazi hii isilegezwe kwa kisingizio cha matope.

Hapa ndipo fedha zako chache zinapostahili kwenda. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata yako, maana serikali huendesha kampeni za chanjo hii, na siku ya kimataifa ya kichaa cha mbwa, tarehe 28 Septemba, huwa ni wakati mzuri wa kuulizia. Chanjo ya parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha watoto wa mbwa, hurudiwa mpaka wiki ya 16 na ni ya kulipia, na mpaka ikamilike usimpeleke kujisaidia barabarani wala kwenye viwanja wanakopita mbwa wazururaji, kwa sababu virusi vya parvo hukaa ardhini miezi mingi. Ndiyo maana nimesisitiza kona ya ndani ya ua.

Juu ya muda wa mafunzo, nitakuwa mkweli. Mkishikilia haya bila kuruka siku, wiki mbili au tatu zitaonyesha nafuu unayoiona kwa macho, lakini mbwa wengi hawaaminiki kabisa kabla ya miezi minne hadi sita, na wengine huchelewa zaidi. Wako alitengwa na mama yake akiwa na wiki sita hivi, pungufu ya nane zinazopendekezwa, kwa hiyo mpe nafasi zaidi. Mwongezee eneo kidogo kidogo: wiki mbili mfululizo bila kosa katika chumba kimoja ndipo afunguliwe cha pili, na akikosea rudi nyuma hatua moja bila hasira. Wazee wetu wa Kigogo hawakusumbuka na haya, kwa kuwa mbwa alilala kwenye mlango wa zizi na hakuna aliyemtaka avuke kizingiti cha tembe. Wewe pia, akishatimiza miezi mitano au sita na ukapata mbao za banda, unaweza kumhamishia nje usiku, naye atakuwa tayari anaijua kona yake. Katika umri wa miezi sita hadi tisa dume huanza kuinua mguu na kutia alama ukutani. Hilo ni jambo la homoni, na kuhasiwa hulipunguza kwa mbwa wengi.

Mwisho, yapo makosa ambayo si ya mafunzo. Akikojoa matone matone kila baada ya dakika chache, akilia anapokojoa, mkojo ukiwa na damu au ukinuka vibaya kupita kawaida, au ikiwa alikuwa ameshazoea kisha ghafla akaharibu, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo na hakuna ratiba itakayomponya. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ukiweza kinga mkojo wake wa alfajiri kwenye kopo safi kavu, uuhamishie kwenye chupa yenye kifuniko na uufikishe ndani ya saa moja au mbili. Kuharisha kunakoambatana na kutapika, kulegea na kukataa chakula kwa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo hakusubiri mpaka kesho; mwahishe siku hiyohiyo.